Karibu ya Bi Mwanakombo

Bima ya afya ya wasio na uwezo haihuishwi mpaka mashine ya serikali iingie nyumbani, ijionee umaskini kwa jicho lake. Ilipopiga hodi, Bi Mwanakombo aliitikia karibu kama alivyolelewa. Akaitandikia mkeka, akaitengea chai ya tangawizi na maandazi, ingawa alijua fika kwamba chuma hakina koo. Mgeni ni mgeni.

Mashine ikatazama sahani, ikasema kwa upole, "Mama, kaya hii ina ziada ya kukirimu wageni. Bima imesitishwa."

"Ziada?" Bi Mwanakombo alifoka. "Unga wenyewe nimepewa na jirani! Mume wangu yumo humo chumbani, anaishi kwa sindano za sukari. Mlitaka niwafukuze mlangoni?"

"Waliotufukuza wamehuishiwa. Kata rufaa. Nitarudi siku yoyote, na nisikute chakula cha ziada."

Ikaaga kwa adabu zote, mwanaharamu yule.

Tangu siku hiyo mlango ukakaa na komeo. Asubuhi moja jirani yule yule akaita, "Hodi wenyewe! Nimemletea mgonjwa uji."

Mzee Shekue akafumbua kinywa aitikie. Mkewe akamziba kwa kiganja.