Nyumba ya Namba

Karani alipomwuliza namba ya mumewe, Alanyo alifumba macho, akaingia katika nyumba.

"Lango la kijani, moja," alisema. "Tairi lenye maua, sifuri. Ngazi, nne. Vyungu barazani, sita. Madirisha, mawili. Mkekani, watoto watatu."

Karani aliacha kuandika. "Nyabo, mama yangu, mimi nataka namba, siyo hadithi."

"Ndiyo hiyo. Moja, sifuri, nne, sita, mbili, tatu."

Jeshini jina ni pambo tu. Mtu ni namba. Teresa, jirani yake kule Luzira, alirudishwa mara tatu kutoka dirisha hili la ofisi ya jeshi kwa kutojua namba ya mume wake. Kwa hiyo Onen, kabla ya kupelekwa mpakani, alimkalisha mkewe kitandani akamfundisha. Karatasi hulowa, simu huibwa. Panga tarakimu ndani ya nyumba, kisha upite ukiziokota moja moja.

"Nyumba gani, Baba Babra? Sisi tuna chumba kimoja, na dirisha lenyewe ni nusu."

"Ya kichwani. Fumba macho."

"Na watoto watatu? Mimi nimekuzalia Babra peke yake."

"Wa hesabu tu, Mama Babra. Usiwape majina."

Alipokosea akasema ngazi tatu, Onen alikasirika kidogo. Ni nne, alimwambia, ile ya tatu imemeguka lakini nayo ihesabu.

Miezi kumi na moja Alanyo alipita humo akifua, akipika, hata kanisani. Kisha simu ya Onen ikazima. Wiki tano haikuita, na Alanyo akaanza kuogopa kila gari la jeshi lililopunguza mwendo karibu na mlango wake. Ndipo akaja hapa dirishani.

Karani alipekua faili. "Yuko hai. Ni mguu tu. Ametoka hospitali Jumatatu, gari letu limemfikisha nyumbani."

Alanyo alilia pale pale mbele ya foleni, wala hakuona aibu. Alipomaliza kulia akakumbuka kwamba leo ni Ijumaa.

"Nyumbani wapi?"

"Kamwokya, nyuma ya soko. Mwenyewe ndiye aliyemwelekeza dereva."

Basi ni kwa askari mwenzake, aliwaza. Njia ya kwao ina mteremko na matope, mgonjwa wa mguu angepitaje? Mungu ambariki huyo mwenzake. Alinunua mkate na kilo ya sukari asiende mikono mitupu, akapanda boda.

Boda ilimshusha mbele ya lango la kijani. Ndani palikuwa na tairi lenye maua. Alipanda ngazi nne. Ya tatu ilikuwa imemeguka. Vyungu vilikuwa sita na madirisha mawili. Onen alikuwa ameketi mkekani, mguu umefungwa bandeji, watoto wamemzunguka wakimwita Baba.

Alanyo aliwahesabu mara mbili. Walikuwa wanne; wa mwisho hata kutambaa bado.