Wora

"Wora," mgonjwa akanong'ona.

Nesi akasimama, jagi mkononi. Tangu mtu yule agongwe na gari, hakuna aliyeelewa lugha yake wala kujua kwao. Leo ameomba maji kwa Kiingereza, lakini wodi nzima hulitamka neno hilo "wota."

"Hebu rudia, kaka."

"Wora."

Mume wa nesi, aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka, hutamka vivyo hivyo, na mkewe humtania kila siku. Nesi akampigia, akamwekea mgonjwa simu sikioni.

Mume akasalimia kwa lugha ya kwao. Mkono wenye bandeji ukaidaka simu. Mgonjwa akacheka huku machozi yakimtiririka, maneno yakambubujika.

"Mke wangu!" simu ikapaza sauti. "Huyu wa kwetu! Ametaja mpaka jina la mama yake!"

Nesi akatoka mbio koridoni. "Jamani, ana kwao!"