Sauti Sikioni mwa Hamimu

Siku hizi benki zetu hapa Kigoma husikiliza Kifaransa tu, na mwalimu wa lugha hiyo ni kidude cha kuvaa sikioni. Humchunguza kila anayekivaa, kisha humfundisha kwa sauti ya mtu ambaye mvaaji mwenyewe humpenda kuliko wote, maana sauti hiyo haimchoshi.

Mume wangu Hamimu hujifunza huku akimenya mihogo.

"Bonjour, madame. Nataka kufungua akaunti: je voudrais ouvrir un compte," alisema jana, akacheka peke yake.

"Mwalimu wako kakuambia nini?"

"Kanisifu tu."

"Ana sauti kama yangu?"

"Wewe nawe, mama Sikujua! Utaionea wivu mashine?"

Mimi si mtu wa kuuliza mara mbili, nikaendelea kuosha sufuria iliyokwishatakata.

Alipokwenda kuoga alikiacha kidude mezani. Nilikivaa haraka ili nimsikie huyo mwanamke. Kwa wivu wangu nilisahau kwamba sasa kitanichunguza mimi. Sauti iliyokuja ilikuwa ya Hamimu mwenyewe, ile ya siku za uchumba. "Bonjour, madame," aliniambia taratibu, akaningoja nirudie. Nikarudia, machozi yakinilenga.

Hamimu alitoka bafuni akanikuta nacho.

"Umemsikia nani?" aliuliza.

"Wewe."

Nilingoja aseme kwamba naye hunisikia mimi. Alikichukua, akakifuta kwa ncha ya taulo, akakivaa, akatabasamu bila kunitazama.