Jina Lililovimba

Sudi aliupiga mlango teke, akamkwida Nyange, mchora tatuu, kwa mkono wake mmoja mzima na kumbamiza ukutani. Mkono wa pili ulikuwa umeumuka kama mkate, na jina la mama yake alilochorwa juzi lilikuwa limezama kwenye usaha.

“Mama nimemzika mwezi jana, leo anaoza mkononi mwangu!”

Ngumi ya tatu ilimng'oa Nyange jino. Akitema damu, aliuona mstari mwekundu uliopanda hadi kwapani mwa Sudi. Sindano ile hakuwa ameichemsha, na alijua.

“Utanimalizia njiani, ndugu yangu,” alisema, akiunyanyua polepole ule mkono uliowaka homa. “Twende hospitali kwanza.”

Wakaenda, Sudi akimtukana, kichwa chake kikizidi kumlemea Nyange begani.