Mashine Iliyofunikwa Kanga

"Leseni hii inatumika kwenye mashine nyingine," kompyuta ilijibu tena, na Mboni akasonya.

Alikuwa amehamishia programu ya redio kwenye mashine pepe ya Linux, kompyuta isiyo na mwili, inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Saa yake ilikuwa sahihi, mtandao ulikuwepo, na namba ya leseni aliiandika bila kukosea. Lakini bila leseni kukubali, matangazo ya vifo ya mchana yasingesikika, na mjini kulikuwa na maziko alasiri ile.

Alimgeukia mkuu wa kituo, mjane wa fundi aliyemtangulia Mboni kazini. "Dada Zaina, mashine ya marehemu shemeji si mlisema mmeizima?"

Zaina alichezea ncha ya mtandio wake. "Tuliifunika."

Katika chumba cha nyuma, chini ya kanga, mashine ilikuwa ikinguruma polepole, vilevile alivyoiacha marehemu asubuhi aliyotoka asirudi.

"Leseni ni ya mashine moja tu, dada. Hii ikiwa hai, ile haiwezi kuwaka."

"Eda nilishamaliza," alisema Zaina, kana kwamba ameulizwa.

Mboni akarudi studio. Zaina aliivua mashine ile kanga, akaikunja vizuri, akabonyeza kitufe. Mngurumo ukafifia, ukakatika.

"Imekubali!" Mboni aliita kutoka studio. "Inataka jina la mashine mpya. Niiite nani?"

Kiganja cha Zaina kilikuwa bado juu ya kasha la mashine, na kasha lilikuwa bado la moto.