Tone la Maji Baridi

Firmin alipoinua macho kutoka kwenye sufuria, wapiganaji wawili walikuwa wamesimama kando ya baiskeli yake, majani yamefungwa vichwani, bunduki mkononi.

"Harufu ndiyo imetuleta," mkubwa wao alisema. "Uko na nani?"

"Niko peke yangu."

Njia yote kutoka Fizi, yeye na mkewe walikuwa wakiwakwepa watu hawa, ambao walichukua wanawake kama mtu anavyochukua kuku. Kesho wangevuka mpaka wa nchi pale Kavimvira. Lakini Firmin hakuiweza kahawa iliyolala tangu jana. Lazima aikaange palepale kambini, aitwange kwa jiwe, na mwisho aidondoshee maji baridi ili machicha yashuke. Maji hayo ndiyo aliyomtuma mkewe kuyachota ziwani, nyuma ya matete.

"Mimina basi."

Akimpigia mkewe kelele, watajua yupo. Akinyamaza, mkewe atarudi.

Firmin akamimina. Akaonja kwanza, kama ilivyo desturi, kisha akampa yule mkubwa kikombe kwa mikono miwili. Yule mtu akanywa, akasita, akatoa chengachenga nyeusi ulimini kwa kidole.

"Mzee, kahawa iko tamu. Lakini machicha ni mengi."

"Ndiyo. Kunyweni upesi, itapoa."

"Haraka ya nini?" Akaketi, akanyoosha miguu.

Matete yakatikisika.

"Firmin!" sauti ikaita kwa furaha. "Ungoje, usimimine! Maji iko baridi sana!"