Kombaini ya Pili

“Basi tumwachie mwenyewe,” kaka alisema. “Baba akisema ndiyo, tunanunua. Akisema hapana, sifungui tena mdomo.”

Dada yake mdogo, Vumbi, alishusha pumzi. Hapo sasa! Alikuwa amebishana tangu asubuhi hadi sauti imemkauka, kumbe dawa yenyewe iko chumba cha pili tu.

Baba yao alikuwa na kombaini moja, na kwa hiyo hiyo moja aliwavunia ngano wakulima wa upande ule wote, akawalea na wanawe. Kila msimu watu walimwambia anunue nyingine. Kila msimu aliwajibu yale yale: mshika mawili moja humponyoka. Mashine ikikosa kazi, alisema, haikosi njaa. Kuiendesha alimfundisha binti yake, akampa na jina la Vumbi, maana kila jioni alishuka humo hata kope hazionekani. Kaka mtu yeye na vumbi mbalimbali. Alipenda simu, shati lililopigwa pasi, na kusema “kampuni yetu.”

Sasa alitaka kombaini ya pili. Wateja wanangoja mno, alisema, ngano inapukutika, na mvua ikiwahi watatukimbia wote. Hapo hakusema uongo. Ila mwenye hiyo kombaini hakutaka malipo mengine yoyote isipokuwa shamba lao, lile linaloizunguka nyumba, na Vumbi aliona ni wazimu mtupu kuuza shamba la kwao ili wakavune mashamba ya watu.

Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, blanketi magotini. Kiharusi kilimwangusha msimu ulipoanza, na tangu arudi kutoka hospitali kaka ndiye aliyemlisha, aliyemwogesha, aliyemgeuza kitandani. Majirani walimsifu mpaka basi. Vumbi alikuwa mashambani. Aliondoka baba hajaamka, akirudi amekwisha lala.

“Ngoja niulize mimi,” kaka alisema. “Daktari hataki achoshwe na maneno.” Akainama. “Baba, tununue kombaini ya pili?”

“Ndiyo,” baba alisema.

Vumbi alimsogelea baba. Akapiga magoti mbele ya kiti. “Baba, hata kwa kuuza shamba letu? Kweli umekubali?”

“Ndiyo.” Machozi yalimlengalenga.

“Ona alivyofurahi,” kaka alisema.

Afanyeje? Kumuuliza baba yako jambo lile lile mara ya tatu ni kama kumwambia akili zimemruka, na Vumbi hakulelewa hivyo. Alitoka akaenda kuipaka grisi kombaini yao, akalia huko huko chini ya mashine.

Mwenye kombaini alipokuja na karatasi za mauzo, naye alitaka kusikia kwa masikio yake, asije akaambiwa kesho kamdhulumu mgonjwa.

“Mzee, shamba unaliuza kwa hiari yako?”

“Ndiyo.”

“Hujalazimishwa na mtu?”

“Ndiyo.”

“Mzee wa maneno machache,” yule bwana alicheka. “Hawa ndio watu wa kufanya nao biashara!”

Kaka aliushika mkono wa baba, akakichovya kidole gumba kwenye wino, akakibonyeza kwenye karatasi. Vumbi alisimama mlangoni akitazama. Maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa ya kumpinga kaka. La kumpinga baba hakuwa nalo hata moja.

Kombaini ya pili iliingia uani ikinguruma, kubwa, nyekundu, kuku wakatimka kila upande. Kaka akapanda na yule bwana, wakaenda kuijaribu papo hapo, kwenye lile shamba ambalo sasa si lao. Kwa mara ya kwanza tangu baba arudi, Vumbi akabaki naye peke yao.

Akamletea chai. “Leo unanyweshwa na dereva, baba. Ukipaliwa usinilaumu. Nikuongezee sukari?”

“Ndiyo.”

Akaongeza, akakoroga, akamnywesha. Baba akakunja uso.

“Eh! Imezidi?”

“Ndiyo.”

Vumbi akacheka. Ilikuwa siku nyingi hajacheka. “Mzee umeanza kudeka! Haya, nikumiminie nyingine isiyo na sukari kabisa?”

“Ndiyo.”

“Au tuendelee na hii hii?”

“Ndiyo.”

Vumbi akaacha kucheka. Aliweka kikombe chini, chai ikammwagikia mkononi, wala hakusikia moto wake. Alimtazama baba vizuri. Midomo ya mzee ilikuwa ikihangaika, ikijikunja na kujikunjua, na jasho lilikuwa likimtoka kwenye paji la uso. Kule shambani kombaini ilikuwa imeshaanza kukata.

“Baba,” Vumbi alinong'ona. “Ulitaka tuliuze shamba?”

“Ndiyo.”

“Au ulitaka tusiliuze?”

Baba akamkamata mkono kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

“Ndiyo,” alisema huku akilia. “Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo.”